Genge la Mzee Sihami

Baba yangu wanamwita Mzee Sihami, na jina hilo hakuliokota njiani. Bwawa lilipojengwa sisi tulikuwa tunakaa kule chini bondeni, kwenye udongo mweusi ambao hata ukitupa mbegu kwa hasira inaota. Watu wote waliambiwa wahame, wakahama. Baba kila akija mtu wa serikali, jibu lake lilikuwa moja: "Sihami." Akaendelea hivyo hivyo mpaka maji yakaingia jikoni na sufuria zikaanza kuelea. Mama akabeba watoto na godoro, akapanda mlimani bila kumuuliza. Ndipo naye akafuata, amenuna, kiti chake kichwani. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Sasa fikiria mimi, binti wa Mzee Sihami, nikaenda kuajiriwa na ofisi hiyo hiyo ya bwawa. Nachora ramani. Siku nilipompelekea habari za kazi, Baba alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akasema, "Hongera, mama. Umeolewa na maadui." Baba huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Akiniita vinginevyo najua kumeharibika.

Bwawa letu lina ugonjwa. Mvua ikinyesha, vilima vinavyolizunguka vinateremsha udongo, udongo ukifika majini unatulia chini. Tope linapanda na nafasi ya maji inapungua, na mji mzima unakunywa hapo. Wakubwa wakaamua kwamba kabla ya mvua kubwa uandaliwe mpango wa kuuzuia udongo huko huko unakotoka. Na mpango haukai hewani, unaanza na ramani. Ramani nikapewa mimi.

Kazi yenyewe, ukiivua majoho yake, si ngumu kuielewa. Unachukua mvua inavyonyesha, aina ya udongo, ukali wa mteremko, kilichofunika ardhi, na namna mwenye shamba anavyolima. Kila kimoja kina tabaka lake. Kompyuta inayapanga matabaka hayo moja juu ya jingine kama mashuka kabatini, inafanya hesabu, halafu inapaka rangi. Kijani maana yake kaa kwa amani. Njano maana yake chimba makinga maji na panda majani ya kushika udongo. Nyekundu maana yake udongo unakukimbia na hapo pasilimwe tena. Kama shamba lako ni jekundu zaidi ya nusu, ofisi inakutafutia shamba jingine upande wa pili wa vilima, unahama.

Siku kompyuta ilipomaliza hesabu kwa mara ya kwanza, niliinuka nikaenda kujimiminia chai kama mtu anayeogopa kuangalia matokeo ya mtihani. Nikarudi. Nikatafuta kilima chetu. Shamba la Baba lilikuwa jekundu la pilipili, karibu lote, na nyumba yake katikati. Nikaikuza ile ramani, nikaipunguza, nikaisogeza huku na huku, kana kwamba rangi itachoka iondoke yenyewe.

Maana yake naijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu kanuni niliiandika kwa vidole vyangu hivi. Mzee Sihami anahama mara ya pili katika maisha yake, na safari hii anayemhamisha ni mtoto wake wa kumzaa.

Mkuu wetu wa kazi ni mhandisi, mtu mpole, ila ana tabia ya kusafisha miwani kila anapotaka kukataa jambo. Alisimama nyuma yangu, akainama.

"Hapa anakaa nani?"

"Baba yangu."

Akavua miwani, nikajua hata nikiomba nini sipati. "Pole sana," akasema. "Nenda ukahakiki. Ramani haimhamishi mtu kabla mtu hajaenda kuona."

Tatizo ni kwamba rasimu ilikuwa imeshatumwa kwa viongozi wa vijiji, na viongozi wetu hawana kifua cha kuweka siri. Kufika jioni kilima kizima kilikuwa kinajua nani mwekundu na nani kijani. Nilipofika nyumbani kesho yake, shangazi yangu alikuwa mlangoni anachambua maharage. Shangazi alihamia kwa kaka yake baada ya Mama kufariki, na tangu hapo ndiye anayeendesha ile nyumba na ulimi wake.

"Karibu, mwanangu mnyang'anyi," akaniambia. "Mwenyewe yuko nyuma. Ameamka anagomba na kuku."

Baba alikuwa kwenye kile kiti chake cha siku zote.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Lori umeliacha wapi?"

"Lori gani tena?"

"La kubebea vitu vyangu. Au mnatuhamisha kwa punda siku hizi?"

"Baba, sijaja kukuhamisha. Nimekuja kuangalia."

"Wale wa kwanza nao walikuja kuangalia," akasema. Lakini akainuka, akachukua jembe lake, tukaenda.

Nilikuwa na kifaa cha mkononi kinachonionyesha nimesimama wapi kwenye ramani. Tabaka la mteremko lilisema kwamba juu ya shamba, mpakani, pana genge, yaani ukingo wa mlima unaokatika ghafla kama ukuta. Tena si moja. Mengine yalikuwa yamepita katikati ya shamba kama ngazi. Kama ni kweli, udongo ungekuwa unaporomoka hapo kila mvua, na rangi nyekundu ilikuwa haki yake. Basi nikapanda mpaka mpakani kulitafuta. Nikaenda kulia, nikarudi kushoto. Ardhi ilikuwa imelala taratibu tu, mteremko ambao hata Shangazi na magoti yake anaupanda bila kupumzika.

"Unatafuta nini?" Baba akauliza.

"Genge."

"Genge gani?"

"Ramani inasema hapa ardhi inakatika. Tena sana."

"Labda mliokatika ni nyinyi huko ofisini. Miaka yote nalima hapa, ningekuwa nimeshaanguka mara ngapi?"

Jua lilikuwa kali. Nikaenda kuegemea mti mmoja nipate kivuli, nikainua uso kupunga upepo. Juu kabisa niliona majani yanacheza, mbali huko, juu kuliko nyumba tatu zilizobebana. Nikatazama chini kwenye viatu vyangu. Nikatazama juu tena.

Miti ile alipanda Baba. Mwaka tuliopanda kutoka bondeni, mvua ya kwanza ilimbebea nusu ya maharage, mbegu na udongo wake. Kwa hasira akapanda miti safu safu kukingama mlima, moja juu mpakani, nyingine katikati ya shamba, watu wakamcheka kwamba amechanganyikiwa na kuhama. Miti ikakua, udongo ukatulia. Sasa ile setilaiti iliyotupimia kimo cha ardhi inatazama kutoka juu. Mawimbi yake yanashuka, yanagonga majani, yanarudi yamesema: ardhi ndiyo hii. Mahali penye miti ikaona kilima. Mahali miti inapokoma ikaona kilima kimekatika ghafla. Hayo ndiyo magenge ya Baba.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu hasira zikanipanda mpaka masikioni. Mtu kapanda miti kuushika udongo, ramani inamwadhibu kwa miti ile ile! Na waliokata yao yote, vilima vyao vipara, mashine haikuona genge kwao, wako kijani, raha mustarehe. Na hili ni kosa tunalofundishwa. Kila mchora ramani anajua kuna kimo cha ardhi na kuna kimo cha kilichosimama juu ya ardhi. Tulichukua data iliyokuwepo kwa sababu ilikuwa ya bure na muda ulikuwa umebana, tukasahau kuuliza imepima nini.

Nikamweleza Baba. Alisikiliza huku anakuna kidevu.

"Kwa hiyo wamepima kofia yangu wakasema ndiyo kimo changu," akasema.

"Ndiyo hivyo hivyo, Baba."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Mama atangulie. "Shangazi yako asisikie," akasema, "atalisema mpaka sokoni. Njoo, mama, nikuonyeshe kitu."

Akanishusha hadi mwisho wa shamba, kwenye korongo. Ni korongo la zamani, limejaa miti iliyojiotea yenyewe chini kabisa, vilele vyake vinafika usawa wa ukingo, kwa hiyo ukiwa mbali hujui kama kuna shimo. Ukingoni pale Baba alikuwa amefyeka kipande kipya na kupanda mahindi. Mahindi yalikuwa manene, meusi kwa afya. Lakini alichotaka nikione hakikuwa mahindi. Alinyoosha mpini wa jembe kuelekea majini.

"Unaona kile kisiwa kidogo? Njoo kushoto kidogo. Hapo ndipo jikoni kwa mama yako. Kule juu kote sipaoni, miti imeziba. Ni hapa tu."

Tukasimama. Maji yalikuwa yametulia, hayana hata habari. Nikasogea nione vizuri, na ukingo ukamegeka chini ya mguu wangu, bonge likaenda likagonga miti huko chini. Baba akanidaka mkono.

"Baba, hapa si pa kulima."

"Usianze."

"Si unaona panavyomegeka?"

"Nimesema usianze."

Nikaangalia kifaa changu. Kipande kile kilikuwa kijani. Nikanyamaza, naye akafurahi kwamba nimenyamaza.

Ofisini nilimweleza Mhandisi yote, nimesimama, maana nikikaa huwa naongea kwa heshima kupita kiasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Mkono ukaenda kwenye miwani.

"Unajua watu watasemaje," akasema.

"Watasema nimembeba baba yangu."

"Na wewe utajibu nini?"

"Kwamba kosa liko kila penye miti, vilima vyote. Nikirekebisha, narekebisha bonde zima. Simgusi Baba peke yake."

Miwani ilikuwa imeshavuliwa, lakini safari hii aliipangusa akairudisha usoni bila kusema hapana. "Rekebisha," akasema. "Ila kwenda kuhakiki usiende wewe. Aende mpimaji, na mahali pa kupima pachaguliwe na kompyuta, bila mkono wa mtu. Likienda mrama, sote wawili tutakwenda kulima."

"Na shamba lenyewe litakuwa jekundu," nikasema. Hakucheka.

Nikaipata ramani nyingine, ya urefu wa miti. Nikawa natoa urefu wa miti kwenye kimo cha ardhi, bonde zima, kilima kwa kilima. Kazi ya kuchosha macho, na kompyuta yetu ikipata moto inavuma kama jiko la mafuta. Mpimaji, kijana asiye na maneno, akaenda na darubini yake ya kupimia sehemu alizopangiwa, akarudi na vipimo vyake. Vikakubaliana na vyangu. Nikabonyeza, ikafanya hesabu upya.

Shamba la Baba likafunguka. Nyekundu yote ya juu ikayeyuka, ikawa njano, na kwenye miti kijani. Nilipiga kofi mezani mpaka mpimaji akashtuka akamwaga chai. Hahami! Mzee Sihami hahami! Nilitaka kumpigia simu pale pale.

Ndipo nikaona chini.

Ukingoni mwa korongo palikuwa na utepe mwekundu, kipande kile kile cha mahindi manene. Nikaelewa mara moja, na sikupenda nilivyoelewa. Miti ya kwenye korongo ilikuwa imeotea chini, vilele vikafika juu, kwa hiyo mashine ya kwanza iliona shimo limejaa, ardhi sawa, kijani. Sasa nimeiondoa miti kwenye hesabu, korongo limebaki wazi na kuta zake kama zilivyo. Kosa lililomchongea Baba kule juu, huku chini lilikuwa linamfichia.

Sitadanganya, nilikaa nimeshika kipanya muda mrefu. Kilikuwa kipande kidogo. Kwenye ramani ya bonde zima hukioni bila kukitafuta. Ningeweza kusema ni kivuli, ningeweza kusema ni mawingu yaliyoidanganya setilaiti, na hakuna ambaye angekuja kuuliza. Nilimfikiria Baba amesimama pale na mpini wake wa jembe. Kisha nikakumbuka lile bonge lililomegeka chini ya mguu wangu, na sauti yake lilipogonga huko chini. Nikaihifadhi ramani kama ilivyo, nikaenda nyumbani nimechoka kama niliyelima kutwa.

Siku moja kabla ya mkutano wa wanakijiji nilienda kumwambia. Sikutaka alisikie ukumbini. Nilianza na habari njema kwanza, nikauma na kupuliza. Nikamwambia hahami. Shangazi akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Baba akaniambia kaa, mama, kula. Nikasema, lakini kuna kitu. Nikamweleza kipande cha korongoni: kisilimwe tena, kipandwe majani na miti mifupi, kiachwe.

Aliweka kikombe chini.

"Futa."

"Baba…"

"Kalamu si unayo wewe? Wewe si ndiye unayepaka? Basi futa."

"Siwezi."

"Hujaambiwa unaweza au huwezi. Umeambiwa futa."

"Baba, nikifuta hapo, nitafuta na kwa wengine. Na pale panamegeka, wewe mwenyewe ulinidaka mkono."

Akasimama. Baba akikasirika hapazi sauti, anaishusha, na hapo ndipo unapotamani angepaza. "Walinitoa kule wakaniambia maji ya watu wengi. Nikanyamaza. Nimebaki na mahali pamoja pa kusimama nikaona kwangu. Pamoja tu! Na anayekuja kupachukua ni wewe. Nenda, Mchoraji. Nenda kwa baba yako Mhandisi."

Shangazi akasema, "Kaka, we!" lakini yeye alishaingia ndani. Nilitoka machozi yananitoka, na hasira pia, kwa sababu nimerithi kichwa chake na sikuwa tayari kurudi kuomba msamaha kwa kitu nilichofanya sawa.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Tukabandika ramani kubwa ukutani, karibu na ubao. Watu wakaja wengi, wengine wakasimama madirishani. Baba hakuwepo. Mhandisi akaeleza mpango: wapi makinga maji, wapi majani, wapi miti, ofisi itatoa miche na watu wa kusaidia kuchimba. Kisha akanipa nafasi nieleze kwa nini rangi zimebadilika. Nikaeleza habari ya miti na magenge. Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka.

Jirani yetu mmoja, mama anayeshona nguo, akanyoosha mkono. Ni mwanamke wa haki na ndiye aliyenishonea sare zangu zote za shule, kwa hiyo aliposimama nilimgeukia yeye tu. Yeye alikuwa kijani kwenye rasimu. Sasa sehemu ya shamba lake, inayopakana na korongo lenye miti kama letu, ilikuwa nyekundu.

"Mimi nauliza swali dogo," akasema. "Ramani ya kwanza ilimhamisha Mzee Sihami na ikaniacha mimi. Ramani ya pili imemwacha Mzee Sihami na imenikata mimi. Na aliyezichora zote mbili ni nani? Kama kuna mwenye jibu anisaidie, maana mimi sikusoma."

Ukumbi ukachafuka. Kila mtu akawa anaongea. "Amembeba baba yake!" mmoja akapiga kelele dirishani. Mhandisi akainua mkono, hakuna aliyemwona. Nikafungua mdomo kueleza habari ya mpimaji na sehemu zilizochaguliwa na kompyuta, na hapo hapo nikajua kwamba maneno hayo hayamfikii mtu. Ningekuwa mimi nimekaa kwenye benchi lile, nami ningesema nimembeba.

Kisha kelele zikapungua kuanzia mlangoni. Baba alikuwa anaingia, na shati lake la kuendea misibani. Shangazi nyuma yake, anahema. Watu wakampisha. Akapita katikati bila kumsalimia mtu, akaja mpaka kwenye ramani, akaitazama kwa karibu, pua inakaribia kugusa karatasi.

"Kwangu ni wapi?" akaniuliza. Hakusema mama.

Nikamwonyesha.

"Na hii nyekundu huku chini?"

"Ndiyo ya korongoni."

Akaigeukia ile halaiki. "Nani anakijua kipande changu cha korongoni?"

Wengi wakaitikia. Nani asiyekijua? Wanapita wanamwona anasimama pale kila jioni kama anasubiri mtu.

"Jana huyu alikuja nyumbani akaniambia kipande hicho kinafungwa. Nikamwambia afute. Hamkusikia vizuri? Mimi nilimwambia afute. Baba yake, niliyemlea, niliyempeleka shule kwa mahindi ya shamba hilo hilo. Nikamtukana. Nikamfukuza." Akaninyooshea kidole. "Amekataa. Haya, mama fundi, mtu aliyeninyima mimi utepe huu, atakuwa amenipa lile shamba zima kwa upendeleo?"

Mshonaji alimtazama Baba, akaitazama ramani. Kisha akaniuliza, sauti imerudi ya nyumbani, "Na hapo kwangu, hayo majani mnaleta lini? Maana mimi mgongo wa kuchimba sina."

Nikamjibu. Mwingine akauliza la kwake. Mkutano ukaendelea kama mikutano inavyoendelea, na mabishano ya mipaka, na mzee mmoja aliyetaka kujua kama posho ipo. Mimi nilikuwa najibu huku naona ukungu machoni. Baba alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti, hanitazami.

Mvua hazikuwa mbali, kwa hiyo miche ya majani ilikuja mapema. Nilichukua ruhusa nikaenda kusaidia nyumbani. Nilimkuta Baba ameshavuna mahindi ya korongoni, na anachimba vishimo mwenyewe, mstari mmoja kukingama mteremko, umenyooka kuliko wowote ninaoweza kuuchora. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza kumpa miche. Tukapanda mche baada ya mche.

Alipofika ukingoni alijinyoosha mgongo, akatazama maji.

"Hebu nikuulize, wewe mwenye ramani," akasema. "Huu udongo ukimegeka hapa unaenda wapi?"

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimechora njia ya kila kijito kwenye bonde lile. "Unashuka na korongo, Baba. Unatokea kwenye ule mkono wa bwawa, kushoto kwa kisiwa."

"Kushoto kwa kisiwa." Akakitafuta kwa macho. "Yaani kwetu."

"Ndiyo. Unatulia pale pale."

"Juu ya jiko la mama yako."

Alisimama hivyo, jembe mkononi, mdomo unamcheza. Nilidhani atanigombeza. Kisha akapiga magoti, akakisawazisha kishimo kwa viganja na kunyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Basi tuushike huku huku," akasema. "Kule hakuna tena wa kuulima. Lete mche mwingine, mama."